Kununua, Kukarabati na Kuuza Samani za Kale za Pwani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mtu anayetaka kuingia katika biashara ya samani za kale za Unguja, Pemba, Lamu na Mombasa, au aliyekwishaingia na sasa anakabiliwa na maamuzi magumu ya dukani na karakanani. Biashara hii husimama juu ya mambo mawili, nayo ni kujua nini cha kuacha bila kuguswa na kumwambia mnunuzi ukweli wote kuhusu kilichoguswa.

Ni samani zipi zinazohesabika kuwa za kale?

Wafanyabiashara wengi duniani hukubaliana juu ya umri wa miaka 100, ingawa sheria za nchi zetu hutumia mipaka yake, kama itakavyoelezwa mbele. Katika pwani yetu, bidhaa zinazotafutwa zaidi ni masanduku ya njumu (yaani yaliyopambwa kwa misumari ya shaba), viti vya enzi vya mpingo na sesemi, vitanda vya besera (vyenye paa la kitambaa juu) na samadari, ulili (kitanda cha kamba) wa miguu iliyokerezwa, marufaa za kusomea msahafu, kabati na vioo vyenye fremu za nakshi. Zipo pia meza, madawati na kabati za ofisi za enzi ya ukoloni, zilizotengenezwa kwa mvule na mninga na mafundi wa hapa. Hizi zimedharauliwa kwa muda mrefu bila sababu ya haki, maana ubora wa useremala wake mara nyingi hauna mfano leo.

Nitajuaje kama sanduku la njumu ni la kale kweli?

Anza chini na nyuma, si mbele. Anayetengeneza sanduku la kuigiza hutumia jitihada zake zote kwenye uso unaoonekana, yaani njumu, bamba za shaba na vitasa, lakini ni nadra sana ahangaike na upande wa chini. Omba sanduku ligeuzwe, na ulikague kwa tochi iliyolazwa pembeni ili mwanga upite juu ya mbao kwa mshazari. Ubao uliopigwa randa ya mkono huonyesha mawimbi madogo yasiyolingana, ilhali ubao wa kiwandani huwa sawa kabisa au una mistari midogo inayofuatana kwa nafasi ileile. Alama za nusu duara ni za msumeno wa mviringo. Hata hivyo alama za mkono peke yake hazithibitishi umri, kwa sababu mafundi wa pwani waliendelea kufanya kazi kwa tezo, randa na keekee muda mrefu baada ya mashine kuenea kwingineko.

Kisha tazama misumari na parafujo. Parafujo za zamani zilizotengenezwa kwa mkono zina ncha butu na mfereji wa kichwani uliokaa upande, na zile zenye ncha kali zilianza kuenea katikati ya karne ya 19. Parafujo yenye alama ya msalaba haikuwapo kabla ya miaka ya 1930, kwa hiyo ukiikuta, ama sanduku ni jipya au limewahi kufunguliwa na kutengenezwa upya. Ukikuta plaiwudi kwenye sakafu ya sanduku, hitimisho ni hilohilo.

Fungua kifuniko na utazame upande wa kushoto ndani, ambako masanduku mengi yana kijisanduku kidogo chenye mfuniko wake, na pengine watoto (droo) wa siri chini yake. Hapo ndipo mikono ya vizazi imepita. Ukingo wa kijisanduku unapaswa kuwa umelika pale vidole vinaposhika, na si kila mahali. Uchakavu unaofuata matumizi ni vigumu kuughushi, na uchakavu ulioenea sawasawa hadi kwenye pembe zisizofikiwa na mkono ni kazi ya msasa. Mwisho, nusa. Mbao iliyopakwa rangi ya chai, potashi au mafuta machafu ya gari ili ionekane nzee hubaki na harufu hiyo kwa miezi mingi ndani ya watoto waliofungwa.

Je, ni lazima nijue sanduku limetoka Surat, Bombay au Malabar?

Ni vizuri kuyajua majina hayo, kwani wakusanyaji huyatumia kutofautisha mitindo, na ni kweli kwamba masanduku mengi yaliletwa na majahazi ya msimu kutoka pwani ya magharibi ya India. Lakini mafundi wa Unguja na Lamu walitengeneza ya kwao kwa kufuata mitindo hiyohiyo, na masanduku ya aina hii hupatikana pia Oman, ambako huitwa mandusi. Andika “mtindo wa Surat” pale unapoona shaba nyingi iliyokatwa kwa mapambo, wala usiandike “kutoka Surat” bila ushahidi.

Mbao ninazopaswa kuzitambua kwa macho ni zipi?

Msaji ndiyo mbao kuu ya masanduku. Una mafuta yake ya asili, rangi yake ni ya hudhurungi ya dhahabu, na mchwa huukwepa. Sesemi ya India ni nzito, ya kahawia iliyokoza yenye zambarau na michirizi myeusi, na ilitumika kwa viti na vitanda vya fahari. Mpingo wetu ni mzito zaidi, na kipande chake huzama majini. Mfenesi huanza na rangi ya manjano na kuiva kuwa kahawia, na mbambakofi, mvule na mninga hupatikana sana kwenye kazi za hapa nyumbani. Njia bora ya kujifunza ni kukusanya vipande vidogo vya kila mbao kutoka karakana za mafundi, kuviandika majina nyuma, na kuvishika mara kwa mara hadi mkono uzoee uzito wake.

Nifanyeje ninaponunua moja kwa moja kutoka kwa familia?

Hili ndilo jambo linaloharibu majina ya wafanyabiashara kuliko jingine lolote, kwa hiyo linastahili subira. Sanduku la nyumbani mara chache huwa la mtu mmoja. Huenda lilikuwa mahari ya bibi aliyekwishafariki, na kwa sheria ya mirathi kila mrithi ana fungu lake, hata yule anayeishi Muscat au Toronto na hajaonekana kwa miaka mingi. Piga hodi, keti, kunywa kahawa utakayopewa, na uulize kwa adabu kabla ya kutaja bei: “Bibi, sanduku hili lilikuwa la nani, na wenzako katika urithi wanajua kwamba linauzwa?” Kijana anayekuja dukani na kitu kwenye mkokoteni jioni, akitaka fedha taslimu kwa haraka, asinunuliwe hata kama kitu ni kizuri mno.

Andika hati ya mauzo yenye jina la muuzaji, maelezo ya kitu, picha zake, bei na tarehe, na uiwekee mashahidi. Unguja na Pemba ni busara kupita kwa sheha, Tanzania Bara kwa mwenyekiti wa mtaa, na Kenya kwa chifu. Palipo na mgogoro wa urithi, subiri uamuzi wa mahakama inayohusika, kama vile ya kadhi.

Kuna pia mali ya wakfu. Marufaa, taa, au sanduku lililowekwa wakfu kwa msikiti au madrasa haliuzwi, na hakuna mtu binafsi mwenye haki ya kukuuzia. Zanzibar ina Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na huko ndiko pa kuuliza unapoona maandishi ya wakfu au unaposikia kwamba kitu kimetoka msikitini.

Jambo jingine linalohusu haki ni bei unayomlipa mjane au mzee asiyejua soko. Kumwambia kwamba kitanda chake “ni kuni tu” ili ukichukue kwa bei ya kuni ni dhuluma. Mweleze kwa jumla kitauzwa kwa kiasi gani kikishakarabatiwa, mwonyeshe gharama zako, kisha mkubaliane. Familia iliyotendewa hivyo hukuita tena, na huwaambia jirani zake.

Je, ninunue milango ya nakshi na vizingiti vyake?

Usinunue. Mlango ni sehemu ya nyumba, na nyumba ni sehemu ya mji. Mji Mkongwe wa Zanzibar umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2000 na Mji wa Kale wa Lamu tangu 2001, na kila mlango unaong'olewa hupunguza kile kilichoifanya miji hiyo iorodheshwe. Sheria pia inailinda. Mteja anayetaka mlango apelekwe kwa fundi wa nakshi achongewe mpya, na fundi huyo atapata riziki ambayo mlango ulioibwa haungempa.

Sheria zinasemaje kuhusu kuuza na kusafirisha vitu vya kale?

Tanzania Bara ina Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyorekebishwa 1979. Sheria hiyo inahesabu kuwa masalio vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, na inalinda pia vitu vya kiutamaduni na milango ya nakshi ya kabla ya 1940. Zanzibar ina sheria na mamlaka zake za makumbusho na mambo ya kale, kwa hiyo kibali cha upande mmoja wa Muungano kisidhaniwe kuwa kinatosha upande wa pili. Kenya ina Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006, ambayo inaweka mpaka wa vitu vya kale katika mwaka 1895, vikiwamo vile vilivyoingizwa nchini kabla ya mwaka huo. Maana yake ni kwamba sanduku lililoshushwa Mombasa mwaka 1880 linaguswa na sheria ya Kenya ingawa lilitengenezwa India.

Kwa vitendo, piga picha kila kitu kinachokusudiwa kuvuka mpaka, kipeleke au uwaite maafisa wa mambo ya kale wakikague, na upate barua kabla ya kupokea malipo ya mwisho kutoka kwa mteja. Hata replika iombewe barua ya kuthibitisha kwamba ni replika, kwa sababu afisa wa forodha hana wajibu wa kujua tofauti ambayo wewe mwenyewe ulitumia miaka kujifunza.

Kiti cha enzi changu kina vipambo vyeupe. Nitajuaje kama ni pembe za ndovu au mfupa, na kuna tofauti gani?

Tofauti ni kubwa sana. Chukua lenzi na utazame mahali ambapo kipande kimekatwa kukingama. Pembe ya ndovu huonyesha mistari mizuri inayopishana na kufanya umbo kama wavu, ilhali mfupa wa ng'ombe au ngamia huonyesha vidoa au vijistari vifupi vyeusi, ambavyo ni njia za damu za mnyama alipokuwa hai. Usichome kwa sindano ya moto kama baadhi ya watu wanavyoshauri, kwa maana jaribio hilo huacha kovu la kudumu na halihitajiki.

Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu wa Afrika ilipigwa marufuku na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa uamuzi wa 1989, na ndani ya Kenya na Tanzania kumiliki pembe bila kibali ni kosa chini ya sheria za wanyamapori. Uingereza ilianza kutekeleza Sheria yake ya Pembe za Ndovu, iliyopitishwa 2018, mnamo Juni 2022, na inaruhusu mauzo machache tu, kama vile vitu vya kabla ya 1947 vyenye pembe chini ya asilimia 10 ya ujazo wake, tena vikishasajiliwa. Kwa mfanyabiashara mdogo, shauri langu ni kutonunua kabisa kiti chenye pembe. Familia yenye kiti cha namna hiyo ishauriwe iwasiliane na makumbusho.

Mbao zenyewe pia zina masharti. Mpingo na sesemi ni za jenasi ya Dalbergia, ambayo yote iko chini ya CITES tangu Januari 2017. Bidhaa iliyokamilika imesamehewa ikiwa mbao hizo hazizidi kilo 10 katika shehena moja, lakini kiti cha enzi kizima cha mpingo hupita kiwango hicho kwa urahisi, sembuse kitanda.

Nikarabati kwa kiasi gani?

Kwa kiasi kidogo kadiri kitu kinavyoweza kusimama na kutumika. Mguu uliolegea ukazwe, ubao uliopasuka uunganishwe, mtoto usiofunguka ulainishwe kwa nta. Lakini kukwangua uso wote kwa mashine ya msasa hadi mbao mpya itokeze ni kuondoa ngozi iliyojengwa na nuru, moshi wa udi, mafuta na mikono kwa zaidi ya karne, na ngozi hiyo ikishaondoka hairudi. Thamani ya sanduku huondoka nayo. Nimeona masanduku mazuri ya msaji yaliyokwanguliwa na kupakwa vanishi ya plastiki yaking'aa kama meza ya hotelini, na hakuna mkusanyaji anayeyataka.

Kabla ya kugusa uso, chovya pamba kidogo kwenye spiriti na uisugue kwenye kona iliyofichika. Uso ukilainika na kunata, umepakwa shelaki, ambayo ni utomvu wa mdudu wa India ulioyeyushwa kwa spiriti, na inaweza kufufuliwa kwa kuongezwa tabaka jembamba la shelaki mpya. Usipobadilika, huenda ni vanishi ya baadaye au ni nta na mafuta tu. Kwa usafi wa kawaida, kitambaa chenye unyevu kidogo, brashi laini ya kupitishia kwenye nakshi, na nta ya nyuki mwishoni hutosha.

Kuhusu gundi, mafundi wa zamani walitumia gundi ya ngozi na kwato, ambayo hulegea kwa maji ya moto na mvuke. Itumie hiyohiyo. Faida yake ni kwamba fundi wa miaka 50 ijayo ataweza kufungua kiungo bila kukivunja, jambo ambalo gundi ngumu za kisasa hazimruhusu. Msaji ufutwe kwanza kwa spiriti pale unapounganishwa, kwani mafuta yake ya asili huzuia gundi kushika.

Palipo na kipande kilichopotea, weka mbao ya aina ileile yenye mkondo wa nyuzi ule ule, kisha uandike nyuma yake kwa penseli mwaka wa kuwekwa.

Shaba ing'arishwe?

Wateja wengi watakuomba uing'arishe, na wewe uwaeleze kwa nini usifanye hivyo. Ndimu, ukwaju na majivu huipa shaba mng'ao wa haraka, lakini asidi hubaki chini ya njumu na kando ya bamba, na baada ya miezi hutokeza kutu ya kijani inayokula shaba na kutia doa mbao. Dawa zenye amonia ni mbaya zaidi kwa bamba nyembamba zilizokunjwa, kwani huzifanya zipasuke. Vumbi liondolewe kwa brashi, kutu ya kijani iparuliwe kwa kijiti cha mwanzi, kisha ipakwe nta. Njumu iliyopotea ibadilishwe kwa iliyofuliwa kwa mkono, nayo ipatikane kwa mafundi wanaofua bado, si kwa kung'olewa sanduku jingine.

Nimekuta vitundu na unga chini ya kitanda. Nifanyeje?

Kitenganishe kitanda hicho siku hiyohiyo, kikae mbali na vitu vingine vyote. Vitundu vya zamani vyenye ukingo mweusi pengine vimeachwa na bungua waliokwisha kutoka, ila unga mpya wenye rangi nyepesi unaonyesha kwamba wapo na wanakula. Weka karatasi nyeupe chini kwa wiki moja, na ukiona unga mpya, tibu.

Vitu vidogo vinaweza kufungwa barabara ndani ya plastiki na kugandishwa kwenye friza inayofika nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki moja hadi mbili, kisha viachwe virudi polepole kwenye joto la kawaida kabla ya kufunguliwa. Vikubwa hutibiwa kwa dawa ya borati pale ambapo mbao haina vanishi. Mafuta ya taa, yaliyozoeleka sana katika karakana zetu, hayaui mayai yaliyo ndani, huacha harufu na ni hatari ya moto.

Mkeka wa kiti au kamba za kitanda zilizokatika zisukwe upya?

Ndiyo. Sehemu hizo zilisukwa upya kila zilipochakaa tangu mwanzo, kwa hiyo kuzisuka tena ni kuendeleza maisha ya kitu. Tumia uzi wa pamba kwa kiti cha enzi na kamba za makumbi au mshupatu wa ukindu kwa ulili, wala usitumie kamba ya nailoni. Hifadhi kipande cha msuko wa zamani kwenye bahasha pamoja na kumbukumbu za kitu.

Nipangeje bei?

Hesabu kila kitu. Tuseme umenunua sanduku kwa shilingi 600,000, umelipa usafiri 40,000, fundi wa siku 6 kwa 35,000 kila siku, yaani 210,000, na vifaa 50,000. Sanduku limekugharimu 900,000 kabla ya kodi ya duka, kodi ya mapato, vibali, na miezi ambayo litakaa likisubiri mnunuzi wake. Kuliuza kwa 1,000,000 ni hasara iliyovaa nguo ya faida. Wengi huacha biashara hii mapema kwa sababu hawahesabu muda.

Samani zitaharibika zikipelekwa Ulaya au nchi za Ghuba?

Zinaweza kuharibika. Mbao iliyoishi karne nzima kwenye unyevu wa bahari hukauka inapowekwa kwenye nyumba yenye hita wakati wa baridi, au chumba cha Dubai chenye kiyoyozi mchana na usiku, na ubao mpana uliopigiliwa misumari pande zote hupasuka unaposinyaa. Mwambie mteja mapema aweke kitu mbali na hita na kiyoyozi, na ikiwezekana atumie chombo cha kuongeza unyevu miezi ya kwanza. Usijaze nyufa za zamani kwa gundi ngumu kabla ya safari.

Makasha ya kufungia yawe ya mbao zilizotibiwa kwa joto la nyuzi 56 kwa dakika 30 na kugongwa muhuri wa ISPM 15, kiwango cha kimataifa cha kuzuia wadudu kusafiri ndani ya mbao za kufungia, la sivyo shehena yote inaweza kuzuiwa bandarini, hata kama samani zenyewe hazina kasoro.

Stakabadhi ya mauzo iandikwe nini?

Iandikwe aina ya kitu, mbao, vipimo, mtindo, umri unaokadiriwa kwa maneno kama “huenda mwishoni mwa karne ya 19”, na orodha kamili ya kilichokarabatiwa au kubadilishwa, pamoja na picha za kabla na baada. Replika iandikwe replika, na ikiwa fundi wake yuko hai na anaridhia, jina lake litajwe, kwa kuwa kazi hiyo nayo inastahili heshima na soko lake. Weka pia sharti kwamba mnunuzi akithibitishiwa na mtaalamu kwamba maelezo yako hayakuwa sahihi, atarudishiwa fedha yake yote. Nakala moja abaki nayo mnunuzi, moja iwekwe kwenye jalada la duka pamoja na hati ya ununuzi kutoka kwa familia, na ya tatu itiwe kwenye bahasha ndani ya kijisanduku cha upande wa kushoto, ili atakayelirithi sanduku ajue lilikotoka.